Kutanda na Kutandikwa: Tahakiki ya Mitazamo ya Sayansi ya Jamii kuhusu Jamii za Mahali na Nguvu za Dunia, kwa Mfano wa Kawajense, Mpanda

IKISIRI

Tahakiki hii inapima namna wanasayansi ya jamii wanavyoeleza uhusiano wa jamii za mahali na nguvu za dunia. Kazi zao zinasomwa kutoka Kawajense, mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda katika mkoa wa Katavi. Hoja yake ni kwamba sitiari ya "kukutana", ambayo imetawala uwanja huu, hudhani kuwa jamii ilikuwapo tayari, imekamilika, kabla nguvu za nje hazijaifikia. Historia ya Mpanda haikubaliani na dhana hiyo. Mgodi, reli, kampeni dhidi ya malale, hifadhi ya wanyama na makazi ya wakimbizi vilitangulia jamii ambayo mtafiti wa leo huiita "ya wenyeji". Tahakiki inaonesha kwamba tasnifu nyingi hulikubali jambo hili katika sura ya nadharia na kulisahau katika sura ya mbinu, na kwamba usahaulifu huo una gharama kwa watu ambao uenyeji wao bado unabishaniwa.

Maneno muhimu: utandawazi, jamii ya mahali, uenyeji, Mpanda, Katumba, mbinu za utafiti

Neno lenyewe

Ni vema kuanza na neno, kwa kuwa tasnifu zetu huanza nalo na aghalabu hulipita bila kulihoji. "Utandawazi" limezoeleka tangu miaka ya 1990, wakati wa mageuzi ya uchumi na ubinafsishaji, na leo halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa gazeti. Mzizi wake ni kitenzi "tanda". Mawingu hutanda, giza hutanda, simanzi hutanda katika nyumba iliyofiwa. Katika matumizi haya yote hakuna anayetanda kitu. Jambo hujitandia lenyewe, nasi tulio chini tunalitazama au tunalikimbia. Mkeka, kwa upande mwingine, hutandikwa, na kitanda hutandikwa, na reli nayo mafundi husema hutandikwa. Hapo yupo mtu aliyetandika, kwa kipimo chake, kwa gharama iliyolipwa na mtu fulani, akianzia hapa na kuishia pale.

Sidai kwamba mofolojia ya neno moja inaweza kubeba nadharia nzima. Ninachodai ni kidogo zaidi: mtafiti anayeandika kwa Kiswahili amerithi neno linaloficha mtenda, na asipokuwa mwangalifu atairithi pia picha inayokuja nalo, yaani dunia kama wingu na kata kama paa lililo chini yake. Sentensi za namna ya "utandawazi umeathiri mila za jamii ya mahali" zinatokana na picha hiyo. Ndani yake kuna kiima kisicho na mikono na yambwa isiyo na historia.

James Ferguson (2006) ameipinga picha hii kwa upande wa uchumi. Anaonesha kwamba mtaji unapoingia Afrika, hasa katika mafuta na madini, haufuniki nchi. Huruka kutoka kituo kimoja kilichozungushiwa uzio hadi kingine, na kuyaacha maeneo ya katikati kama yalivyokuwa. Kwa maneno yetu, Ferguson anasema kwamba mtaji hautandi. Ni hoja yenye nguvu, na Mpanda ni mahali pazuri pa kuipima, kwa sababu hapa mtaji uliruka ukatua, kisha ukaondoka, na kilichobaki nyuma yake hakikuwa kile ambacho nadharia hiyo ingetufanya tukitarajie.

Mji uliotanguliwa na reli yake

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, reli ya tawi ilitandikwa kutoka Kaliua, kwenye njia ya Kigoma, kuelekea kusini kwa zaidi ya kilomita 200. Haikuelekezwa katika soko wala bandari, na wala haikukusudiwa kuunganisha wilaya na wilaya. Iliishia palipokuwa na madini ya risasi, ambayo yalichimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals pamoja na fedha na shaba kidogo. Katika miaka ya 1950 mgodi huo ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika. Kabla tu ya uhuru ulikuwa umekwisha kufungwa.

Walter Rodney, aliyeandika akiwa Dar es Salaam, angeutumia mfano huu bila kubadili neno. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 alieleza kwamba reli za kikoloni zilitoka kwenye migodi na mashamba na kwenda pwani, wala hazikujengwa ili Waafrika watembeleane. Tawi la Kaliua hadi Mpanda linathibitisha sentensi hiyo kwa usahihi unaokaribia kuudhi. Lakini Rodney anatuacha mahali pagumu. Akishaonesha reli ilijengwa kwa ajili ya nani, hatuambii ilitumiwa na nani mgodi ulipofungwa. Naye Ferguson, katika utafiti wake wa awali kuhusu mji wa migodi ya shaba nchini Zambia (1999), alieleza huzuni ya watu waliouamini usasa na kisha wakaona mlango ukifungwa mbele yao. Msomaji wa Mpanda hutarajia simulizi ya namna hiyo na haioni. Mgodi ulifungwa, mji ukakua. Treni iliyoletwa kubeba risasi ilibeba mahindi, mpunga, ndugu wanaokwenda kuzika, wanafunzi wa Tabora, na watu waliokuwa wakitafuta ardhi. Wakati ambapo mvua zilikata barabara, reli hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kutoka.

Majina ya kata yanaweza kusomwa kama hati. Ziko kata zenye majina ya zamani ya nchi: Kawajense yenyewe, Kashaulili, Nsemulwa, Shanwe, Misunkumilo. Pamoja nazo iko kata inayoitwa Mpanda Hotel na nyingine inayoitwa Uwanja wa Ndege. (Mgeni aliyeambiwa kwamba mkutano utafanyika Mpanda Hotel anaweza kusamehewa akiuliza gharama ya chumba.) Majina haya mawili ni ya majengo na miundombinu ya utawala na usafiri, na leo watu huzaliwa, hupiga kura na kuzikwa kwayo. Mtafiti anayekuja kutafuta jamii ya mahali iliyokutana na dunia anapaswa kueleza afanye nini na mtoto ambaye mahali pake pa asili, kwenye cheti chake cha kuzaliwa, ni hoteli.

Kawajense haiwezi kutengwa na historia hii kwa sababu tu jina lake ni la kienyeji. Ni kata ya mji ambao umbo lake la sasa lilichorwa na reli na mgodi. Ardhi yake, kama ardhi yote ya Mpanda, ilikuwa na wenyewe: Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walikuwa na watemi wao, mipaka yao na njia zao za biashara kabla ya reli. Jambo hilo lisifutwe. Hata hivyo, jamii ya kata kama kitu kinachoweza kuhojiwa kwa hojaji, yenye mipaka, ofisi na orodha ya wakazi, ni jamii ya baada ya reli. Imeundwa na Wafipa, Waha, Wasukuma, Wanyamwezi na wengine waliofika kwa sababu mbalimbali, na wajukuu wao ambao hawajafika kutoka popote.

Pori si mwanzo

Kuna pingamizi la haki linaloweza kutolewa hapa. Mji, mtu atasema, ni suala tofauti. Toka nje kidogo utaikuta jamii ya mahali katika hali yake, na pori nyuma yake. Fasihi ya utalii na hata ya uhifadhi huuandika mkoa wa Katavi hivyo: nchi ya mbali, isiyoguswa.

Helge Kjekshus (1977) aliuvunja mtazamo wa namna hiyo kwa Tanganyika nzima, akijenga juu ya kazi ya John Ford (1971) kuhusu mbung'o na malale. Hoja yake ni kwamba watu wa kabla ya ukoloni walikuwa wameimudu mazingira yao kwa kilimo, moto na mifugo. Sotoka ya miaka ya 1890, vita na njaa viliuvunja umudu huo, pori likarudi, mbung'o wakaja na pori. Wanahistoria wengine, Juhani Koponen (1988) akiwa mmoja wao, wamemkosoa kwa kuupamba wakati wa kabla ya ukoloni kupita ushahidi ulivyoruhusu, na ukosoaji huo ninaukubali. Lakini sehemu ya pili ya hoja, inayohusu kilichofuata, inasimama imara magharibi mwa nchi. Serikali ya Waingereza iliwakusanya watu waliotawanyika katika makazi maalumu ya kuzuia malale, Inyonga na Uruwira yakiwa miongoni mwa maeneo hayo. Vijiji vilivyohamwa viliachiwa msitu. Nchi ikaonekana tupu.

Kuonekana tupu kulikuwa na matokeo. Nchi tupu inaweza kutengwa kwa wanyama, na Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, kisha ikapanuliwa mwaka 1998. Nchi tupu inaweza kupewa wakimbizi. Nchi tupu inaweza kuvutia wafugaji ambao malisho yao ya Shinyanga na Mwanza yamebanwa. Yote matatu yalitokea, na yote matatu huandikwa katika tasnifu kama changamoto za sasa zinazoikabili jamii ya mahali. Utupu wenyewe hauandikwi. Umekuwa sehemu ya "eneo la utafiti", ule ukurasa mmoja wenye ramani, latitudo na kiwango cha mvua, ambapo historia huingia kama hali ya hewa.

Mfano mzuri wa kazi inayolikwepa kosa hili kwa nusu ni utafiti wa muda mrefu wa Monique Borgerhoff Mulder na wenzake katika nchi ya Wapimbwe, kusini mwa Mpanda. Wamekaa miaka mingi, wamerudi kwenye kaya zilezile, na takwimu zao kuhusu njaa ya msimu, afya na ndoa ni hazina. Makala ya Brian Paciotti na Borgerhoff Mulder (2004) kuhusu Sungusungu inaeleza vizuri jinsi Wasukuma walivyohama na taasisi yao ya ulinzi na namna taasisi hiyo ilivyobadilika ugenini. Nasita katika jambo moja: kabila limekuwa kipimo kinachotangulia, kikapu ambamo kila kaya hutiwa kabla ya kuulizwa chochote. Mpimbwe upande huu, Msukuma upande ule. Matokeo yakitofautiana, tofauti inaelezwa kwa taasisi za kila upande. Inawezekana maelezo hayo ni sahihi. Lakini kijana aliyezaliwa na mama Mpimbwe na baba Msukuma, akakulia mjini Mpanda na kuuza simu Kawajense, si mtu wa pembeni katika mkoa huu, na hana kikapu.

Mgeni aliyepewa jembe

Hakuna mahali ambapo uzito wa suala hili unaonekana wazi kama Katumba na Mishamo. Wakimbizi wa mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi walipewa makazi Katumba, kando ya reli ya Kaliua, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Mishamo yalianzishwa mwishoni mwa muongo huo, wengi wakihamishiwa huko kutoka Ulyankulu, Tabora. Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS walishirikiana kukata msitu katika viwanja vilivyonyooka, kila kaya ikapewa shamba. Kwa miaka michache makazi hayo yalikuwa yakijilisha na kuuza ziada.

Kitabu cha Liisa Malkki, kilichotolewa mwaka 1995 kutokana na utafiti wake wa miaka ya 1985 na 1986, kimewafanya watu wa Mishamo kuwa maarufu katika vyuo vya dunia kuliko wanavyojulikana Sumbawanga. Malkki aliwalinganisha wakimbizi wa kambini na wale waliojichanganya katika mji wa Kigoma. Kambini alikuta simulizi nzito ya historia, yenye sura ya kisasili, ambayo kwayo watu walijitambua kuwa taifa lililo uhamishoni. Mjini alikuta watu waliolikwepa jina la ukimbizi, wakiishi kwa utambulisho unaobadilika kulingana na hitaji la siku. Kutoka hapo akaishambulia desturi ya wasomi na mashirika ya kuwatazama binadamu kama mimea, wenye mizizi katika udongo fulani, na kumwona mkimbizi kuwa mche uliong'olewa. Shambulio hilo ninaliona kuwa mojawapo ya mambo bora yaliyoandikwa kutokana na mkoa huu.

Hata hivyo, muundo wa ulinganisho wake unaacha pengo, nalo lina sura ya Mpanda. Kambi na mji ni ncha mbili. Katikati yake kulikuwa na mji mdogo ulio kwenye reli ileile, ambako mkulima wa Katumba alileta mahindi, akanunua chumvi, akamtibu mtoto, na wakati mwingine akapanga chumba. Huyu alikuwa mtu wa kambi siku fulani na mtu wa mji siku nyingine, na hana sura katika kitabu. Tukimwongeza, tofauti kati ya "usafi" wa kambini na mchanganyiko wa mjini inakuwa suala la siku ya gulio zaidi kuliko la aina mbili za watu. Kawajense na kata jirani zake zilijengwa kwa sehemu na safari za namna hiyo.

Kilichofuata kinajulikana. Kuanzia mwaka 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia. Wengi sana walichagua kubaki, na mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 ya uraia wa tajnisi yalikubaliwa. Lakini vyeti havikutolewa papo hapo. Sharti lililowekwa lilikuwa kwamba raia hao wapya wahamie mikoa mingine na makazi yafungwe. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Marekani, AgriSol Energy ya jimbo la Iowa, ilikuwa katika mazungumzo ya kupata ardhi ya Katumba na Mishamo pamoja na Lugufu mkoani Kigoma, jumla ya zaidi ya hekta 300,000, kwa kilimo kikubwa. Taasisi ya Oakland ya Marekani ilichapisha taarifa ya kuupinga mradi mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, kilichokuwa mshirika, kikajitoa, mradi haukutekelezwa. Mpango wa kuwahamisha watu nao uliachwa, na kuanzia mwaka 2014 vyeti vilianza kutolewa.

Tasnifu nyingi zingeliweka tukio hili chini ya kichwa cha unyang'anyi wa ardhi: dunia imekuja na matrekta, jamii ya mahali imepinga. Usomaji huo si wa uongo, ila unakosa kiini. Ni jamii gani ya mahali iliyokuwa Katumba mwaka 2011? Kwa mujibu wa sheria walikuwa watu waliokubaliwa kuwa raia bila karatasi ya kuthibitisha. Kwa mujibu wa hojaji yoyote yenye swali "Je, wewe ni mwenyeji wa hapa?" wangejibu hapana, au wangeogopa kujibu ndiyo. Wengi wao walikuwa wamezaliwa palepale. Ukosefu wao wa uenyeji, katika maandishi, ndio uliowezesha ardhi yao kuhesabiwa kuwa ardhi inayokaribia kuwa wazi. Kampuni haikulibuni wazo hilo. Ililikuta limeandikwa tayari, katika mafaili ya utawala na pia katika taarifa za kitaalamu zilizokuwa zikigawa wakazi wa wilaya kati ya wakimbizi na jamii inayowapokea.

Kiswahili kinatusaidia na kinatukwaza hapa. "Mwenyeji" ni mzaliwa wa mahali, na pia ni mwenye nyumba anayempokea mgeni. Lugha nyingine hutumia maneno mawili. Sisi tuna moja, na kwa hiyo tunapoandika "jamii ya wenyeji" tumekwisha kusema, bila kukusudia, kwamba waliobaki ni wageni na kwamba nyumba ina mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katumba alipewa jembe kwa maana halisi kabisa. Methali haisemi ni nani atakuwa siku ya nne, baada ya kulima, na siku ya nne imedumu miaka zaidi ya hamsini.

Sura ya pili na sura ya tatu

Nitakuwa wazi sasa kuhusu ninachowalaumu watafiti wenzangu, nami nikiwamo. Karibu kila tasnifu ya uwanja huu ina sura ya pili ambamo Arjun Appadurai (1996) ananukuliwa akisema kwamba umahali huzalishwa, kwamba mtaa si jambo lililopo tu bali ni kazi inayofanywa daima. Roland Robertson anafuata na wazo lake kwamba cha dunia na cha mahali hufumwa pamoja. Anna Tsing (2005) anakuja na msuguano wake kutoka misitu ya Kalimantan. Doreen Massey huonekana mara chache zaidi, na ni hasara, kwa sababu insha yake ya mwaka 1991 kuhusu mtaa wa Kilburn, London, ndiyo iliyo karibu zaidi na Kawajense: mahali ni fundo la njia nyingi, na la kuuliza ni nani anayemiliki mwendo katika njia hizo na nani anayesukumwa nao.

Kisha inafuata sura ya tatu. Hapo tunasoma kwamba utafiti ulifanyika katika kata fulani kwa sababu ina wakazi wa kutosha na inafikika kwa urahisi. Kwamba walengwa walikuwa wenyeji walioishi hapo kwa muda usiopungua miaka kadhaa. Kwamba wazee waliteuliwa kimadhumuni kwa kuwa wanajua mila. Appadurai ameachwa kituoni. Jamii iliyosemwa kuwa inazalishwa imekuwa ghafla jamii iliyopo, inayohesabika, yenye wazee na mipaka. Matokeo ya sura ya nne hayawezi kuwa mengine: wazee wataeleza yaliyokuwapo, vijana wataeleza yaliyobadilika, na tofauti kati ya hao wawili itaitwa athari ya utandawazi. Muundo wa sampuli umekwisha kuandika hitimisho.

Niliwahi kuandika hojaji ya namna hiyo. Swali la tatu liliwachuja waliohamia karibuni, ili wasichafue data. Sikujiuliza wakati huo ni data gani ingebaki, katika mji wa aina ya Mpanda, ukiwaondoa watu waliohamia.

Mtahini anaweza kujibu kwamba mwanafunzi wa umahiri ana miezi michache na bajeti ndogo, na kwamba mipaka lazima iwekwe. Ni kweli. Lakini kuweka mipaka kwa wakazi wote wa mitaa miwili hakugharimu zaidi ya kuiweka kwa wenyeji wa kata moja. Kinachogharimu ni kibali cha kubadili swali, na kibali hicho hutolewa na msimamizi. Kazi iliyohaririwa na Bryceson, Fisher, Jønsson na Mwaipopo (2014) kuhusu wachimbaji wadogo imeonesha kwamba inawezekana: waandishi wake wanaanza na uhamaji kama hali ya kawaida ya makazi ya migodi na kuuliza ni kanuni gani watu wasiojuana hujiwekea wanapokaa pamoja. Swali hilo lina maana kubwa Katavi, ambako dhahabu ya wachimbaji wadogo huletwa kuuzwa Mpanda. Lina maana pia kwa Karema, pwani ya Tanganyika, ambako bandari mpya imejengwa kwa matumaini ya mizigo ya Kongo. Wasomaji wa historia watakumbuka kwamba Karema ilipata ngome ya chama cha kimataifa cha Mfalme Leopold mwaka 1879 na kuwa misheni ya Wamisionari wa Afrika mwaka 1885. Mtafiti atakayekwenda huko kesho kupima jinsi jamii ya mahali inavyokutana na bandari atakuwa amechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja na arobaini.

Kwa Kawajense napendekeza chanzo kisicho na fahari. Viongozi wa mitaa na vitongoji nchini hutakiwa kutunza daftari la wakazi, na daftari hilo, pale linapotunzwa vizuri, huandika mtu ametoka wapi, amefika lini, na akihama amekwenda wapi. Halina safu ya mwenyeji na mgeni. Lina waliopo na walioondoka. Liko katika ofisi ileile ambayo mtafiti hufika asubuhi ya kwanza kugongewa muhuri barua yake ya kibali, kisha hutoka kwenda kuwatafuta wenyeji.